Malkia wa Chungu, wa Siafu au wa Mchwa? Namna ya Kumtambua na Kumtaja Mdudu Aliyekamatwa

Swali hili huulizwa kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Mtu ameokota mdudu mkubwa kiasi, mwenye umbo la chungu, ardhini baada ya mvua. Huenda mdudu huyo ana mabawa, au ameyapoteza muda si mrefu. Aliyemwokota anataka kujua ni mdudu wa aina gani na aitweje kwa Kiswahili. Mwanafunzi anahitaji jina la kuandika katika daftari la biolojia, mfasiri anahitaji neno la kuweka katika habari au hati ya mahakama, na mwalimu anahitaji kuwajibu wote wawili bila kuwapotosha.

Tumchukue mwalimu wa kisiwa cha Goziba, katika Ziwa Victoria, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Kisiwani humo wanakutana wavuvi wenye lugha za kwanza tofauti: Kihaya, Kikerewe, Kijita, Kizinza, Kisukuma na nyinginezo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, mwaloni na darasani. Mvua za vuli zinapoanza, wadudu wenye mabawa huzijia taa kwa wingi, zikiwamo taa za wavuvi wa dagaa. Mwanafunzi akimletea mwalimu huyo mdudu mmoja katika kopo, darasa zima litakuwa na majina: mmoja atasema kumbikumbi, mwingine siafu, mwingine mchwa, mwingine chungu. Yote ni maneno sahihi ya Kiswahili. Hata hivyo, hayawezi kuwa sahihi yote kwa mdudu huyo mmoja.

Makala haya yanaeleza kwanza maneno, kisha dalili za mdudu mwenyewe, na mwisho namna ya kuliandika jina lake.

1. Maneno tuliyo nayo

Chungu ndilo jina pana zaidi la wadudu wa familia ya Formicidae. Kwa maana hii neno hili limo katika ngeli ya A-WA na halibadiliki katika wingi: chungu huyu, chungu hawa. Lisichanganywe na chungu cha kupikia (chungu hiki, vyungu hivi), wala na chungu yenye maana ya wingi wa vitu, kama katika "chungu nzima". Kivumishi -chungu nacho hupokea kiambishi: malkia mchungu ni malkia mwenye uchungu, ilhali malkia wa chungu ni mdudu. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha maana hizi, na ndiyo maana mwandishi hapaswi kuulegeza.

Sisimizi hutumika kwa chungu wadogo wanaoonekana majumbani, hasa penye sukari na mabaki ya chakula. Waandishi wengine hulitumia kwa familia yote ya chungu. Matumizi hayo yanakubalika ili mradi mwandishi ashike neno moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa maandishi yake. Nyenyere nao ni chungu wadogo sana.

Siafu ni kundi mahususi: chungu wa jenasi *Dorylus*, wanaosafiri kwa misafara mirefu na kushambulia kila kiumbe kilicho njiani. Siafu wote ni chungu, lakini si chungu wote walio siafu. Usemi "wengi kama siafu" umelifanya neno hili lienee hata kwa wadudu wasiostahili kuitwa hivyo.

Majimoto, au maji ya moto, ni chungu wa rangi ya hudhurungi au nyekundu wanaoshona majani ya miti kuwa viota, na ambao wakiuma huwasha kama maji yaliyochemka. Kitaalamu wanaitwa *Oecophylla longinoda*. Wakulima wa pwani wanawafahamu vizuri, kwa kuwa wadudu hawa huwala na kuwafukuza wanaofyonza minazi na mikorosho.

Sungusungu ni jina la chungu weusi wakubwa wenye kuuma. Nchini Tanzania neno hili limepata maana ya pili: makundi ya ulinzi wa jadi yaliyoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mchwa si chungu. Ni mdudu wa ukoo mwingine kabisa, aliye karibu zaidi na mende kuliko na chungu. Kumbikumbi ni mchwa walioota mabawa na kutoka kichuguuni kwa ajili ya kujamiiana. Kwa hiyo mtu anayemwita malkia wa chungu "kumbikumbi" hakukosea jina la spishi tu, bali amemhamisha mdudu kutoka oda moja hadi nyingine.

2. Hatua ya kwanza: je, ni chungu kweli?

Dalili tatu zinatosha kumtenga chungu na kumbikumbi, na zote huonekana kwa jicho au kwa kioo cha kukuzia.

Ya kwanza ni kiuno. Chungu ana kiuno chembamba sana kati ya kifua na fumbatio, yaani sehemu ya nyuma ya mwili. Kumbikumbi hana kiuno hicho. Mwili wake umeungana kwa upana.

Ya pili ni papasi, yaani zile nyuzi mbili za kichwani zinazotumika kunusa na kugusa. Papasi za chungu zimepinda kama kiwiko cha mkono. Za kumbikumbi zimenyooka na zinafanana na shanga zilizotungwa.

Ya tatu ni mabawa. Mabawa ya mbele ya chungu ni makubwa kuliko ya nyuma. Mabawa manne ya kumbikumbi yanakaribia kulingana kwa urefu na umbo.

Mwalimu akiwapa wanafunzi dalili hizi tatu, ubishi wa chungu na kumbikumbi utakwisha pasipo kamusi.

3. Hatua ya pili: je, ni malkia?

Chungu mwenye mabawa anaweza kuwa jike au dume. Dume kwa kawaida ana kichwa kidogo, macho makubwa na mwili mwembamba, na hufa muda mfupi baada ya kujamiiana. Jike ana kichwa kikubwa zaidi, kifua kilichotutumka kwa misuli ya kurukia, na fumbatio kubwa.

Baada ya kujamiiana, jike hutua na kuyakata mabawa yake. Hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kumdhania kuwa chungu wa kawaida aliye mkubwa. Mtazame kifuani: malkia ana makovu madogo pale mabawa yalipokuwa, na kifua chake kimegawanyika katika mapande mengi. Kifua cha mtendakazi, ambaye hakuwahi kuwa na mabawa, ni chembamba na sahili.

Malkia wa spishi nyingi hujichimbia shimo, hujifungia humo, na hulea mabuu wa kwanza bila kula chochote kutoka nje. Misuli ya mabawa asiyoyahitaji tena huyeyuka mwilini na kuwa lishe. Kwa hiyo malkia mmoja aliyeokotwa baada ya mvua ni kundi zima ambalo bado halijazaliwa. Muda wa maisha yake nao si mfupi: malkia wa spishi ya Ulaya, *Lasius niger*, aliyefugwa aliishi zaidi ya miaka 28.

Siafu wanahitaji tahadhari ya pekee. Malkia wa siafu hana mabawa katika hatua yoyote ya maisha yake, na kundi jipya la siafu hupatikana kwa kundi la zamani kugawanyika. Siafu wenye mabawa ni madume: wadudu wakubwa wa rangi ya kahawia, wenye fumbatio refu la mviringo, wanaopenda kujia taa usiku na kudhaniwa kuwa nyigu. Mwandishi anayeandika "malkia wa siafu mwenye mabawa" ameandika sentensi iliyo sahihi kisarufi lakini isiyo na mdudu wake duniani.

4. Hatua ya tatu: jenasi

Chungu waliokwisha kupewa majina ya kisayansi wanazidi spishi 14,000. Hakuna anayezikariri zote, na hakuna haja ya kuzikariri. Mtambuzi huanza na kiuno, kwa kuhesabu vifundo vyake.

Penye kifundo kimoja, mtazame mgongo. Ukiwa umepinda kwa mstari mmoja laini kama upinde, na mdudu hana mwiba wa kuchomea, huenda ni *Camponotus*. Jina hili limetungwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mgongo uliopinda". Kifundo kikiwa kirefu na chembamba, na mdudu akiwa ameokotwa penye viota vya majani yaliyoshonwa, mfikirie *Oecophylla*, jina linalounganisha "nyumba" na "jani". Kifundo kikiwa kizito na mdudu ana mwiba, yumo katika kundi jingine la chungu wawindaji.

Penye vifundo viwili, tazama pale kiuno kinapoungana na fumbatio. Kikiungana kwa juu, na fumbatio likawa na umbo la moyo, ni *Crematogaster*, "tumbo la kuning'inia". Miongoni mwa jenasi hii wamo chungu wanaoishi katika miiba iliyovimba ya migunga ya nyanda za Afrika Mashariki. Kichwa kikiwa kikubwa cha mraba, chenye taya nene za kupasulia mbegu, mfikirie *Messor*, neno la Kilatini lenye maana ya "mvunaji".

Ukubwa peke yake usikuhukumie. Malkia wa *Carebara vidua* anazidi milimita 20, lakini watendakazi wake wana takriban milimita 2 tu. Anayemwona malkia huyo hufikiri ametoka katika ukoo wa chungu wakubwa, kumbe ametoka kwa wadogo kabisa. Rangi nayo hudanganya, kwa sababu malkia aliyetoka kiotani karibuni anaweza kuwa hafifu kuliko atakavyokuwa baadaye.

Hata baada ya hatua hizi, mara nyingi mtambuzi mwaminifu atasimama kwenye jenasi. Funguo nyingi za utambuzi zimeandikwa kwa kuwatazama watendakazi, si malkia. Wakati mwingine hakuna njia ila kusubiri wiki kadhaa hadi watendakazi wa kwanza watoke, na hao nao huwa wadogo kuliko wenzao watakaofuata. Anayetaka msaada wa mtaalamu ampe picha tatu zilizo wazi (ya uso, ya ubavuni na ya juu), urefu kwa milimita, mahali, tarehe, saa, hali ya hewa na aina ya ardhi. "Nimemwokota Goziba" haitoshi. "Ameokotwa Goziba, kwenye mchanga karibu na ufuko, jioni, baada ya mvua, milimita 14" ni taarifa inayoweza kutumika.

5. Kwa nini neno moja lina uzito

Aprili 2025, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, vijana wawili raia wa Ubelgiji walikamatwa wakiwa na chungu wapatao 5,000 waliofungwa ndani ya mirija 2,244 yenye pamba. Watu wengine wawili, raia wa Vietnam na raia wa Kenya, walishtakiwa katika shauri jingine wakiwa na chungu wapatao 400. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo malkia wa *Messor cephalotes*, chungu mvunaji mkubwa wa Afrika Mashariki, anayetafutwa na wafugaji wa chungu wa Ulaya na Asia. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama jijini Nairobi iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni 1 za Kenya au kifungo cha miezi 12. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilieleza kwamba biashara haramu inahama kutoka kwa wanyama wakubwa na kuelekea kwa viumbe wasiojulikana sana.

Sasa mpe mfasiri habari hiyo aiandike kwa Kiswahili. Akiandika "Walikamatwa na siafu 5,000", amekosea mara mbili. Kwanza, siafu ni *Dorylus*, si *Messor*. Pili, "kukamatwa na" kwa Kiswahili huonyesha mtenda: msomaji ana haki ya kuelewa kwamba siafu ndio waliowakamata watu hao. Iandikwe "walikamatwa wakiwa na".

Akiandika "mchwa", msomaji atajiuliza kwa nini mtu atozwe faini kwa kumwondoa nchini mdudu anayekula boriti za nyumba. Akiandika "sisimizi", hatakuwa amepotoka kabisa, lakini msomaji ataona kichwani mdudu wa bakuli la sukari, na kesi yote itageuka kichekesho. Akiandika "malkia wa chungu wavunaji, wa spishi ya *Messor cephalotes*", msomaji ataelewa ni mdudu gani, na ataelewa pia kwamba kumchukua malkia ni kuchukua kizazi kizima cha wadudu wanaosambaza mbegu na kuchimbua udongo.

Sheria hushughulika na spishi. Hati ya mashtaka yenye jina lisilo sahihi humpa wakili mahali pa kusimama, na hukumu iliyotafsiriwa vibaya huwafunza wasomaji jambo ambalo mahakama haikulisema.

6. Je, "malkia" mwenyewe ni neno sahihi?

Malkia ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mwanamke anayetawala au mke wa mfalme. Likitumiwa kwa chungu ni sitiari. Malkia wa chungu hatoi amri. Kazi yake ni kutaga mayai. Inafaa kukumbuka kwamba Biblia ya Kiswahili, katika sura ya 6 ya kitabu cha Mithali, humtaja chungu kuwa mdudu asiye na mtawala lakini anayejiwekea akiba wakati wa mavuno. Maelezo hayo yanawafaa sana chungu wavunaji, kwa jambo la ghala na kwa jambo la utawala pia.

Hata hivyo hatupendekezi neno jipya. "Malkia" limekwisha kukaa katika lugha ya wafuga nyuki na katika vitabu vya shule, na msomaji halikosei. Mwalimu aeleze tu kwamba ni mama wa kundi, si mkuu wake. Upande wa mchwa kuna tofauti ya kweli: malkia wa mchwa huishi na dume wake kichuguuni, kwa hiyo hapo "mfalme na malkia" ni jozi halisi.

7. Namna ya kuandika

Jina la kisayansi lina sehemu mbili. Jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa herufi ndogo, na zote huandikwa kwa mlazo: *Messor cephalotes*. Lisitafsiriwe wala lisitoholewe. Ukijua jenasi lakini hujui spishi, andika *Camponotus* na kifupisho "sp." bila mlazo, au kwa Kiswahili "chungu wa jenasi ya *Camponotus*". Kufanya hivyo si udhaifu.

Upatanisho ufuate mdudu, si jina la Kilatini: "*Messor* huyu amekata mabawa", si "*Messor* hii imekata mabawa". Lakini "jenasi hii" na "spishi hii" hufuata ngeli ya I-ZI.

Idadi iwekwe karibu na neno linalohesabiwa. "Malkia wa chungu wawili" yaweza kueleweka kuwa malkia mmoja wa chungu wawili. Andika "malkia wawili wa chungu".

Mdudu asiyejulikana bado aandikwe "malkia wa chungu", bila kuongeza. Siafu, majimoto au sungusungu waandikwe pale tu dalili zinapothibitisha.

Turudi Goziba. Mwalimu aliyeletewa kopo anaweza kuandika ubaoni: "Malkia wa chungu, jenasi ya *Camponotus*, spishi haijatambuliwa." Wanafunzi watakuwa wamepata jina la Kiswahili lisilo na kosa, jina la kisayansi lisilozidi ushahidi, na swali lililobaki wazi la kuwafanya wachunguze zaidi. Kisha mdudu arudishwe alikookotwa, kabla udongo haujakauka, akachimbe shimo lake.